Al-Inkishafi na Imani ya Mtu Mwingine

Wapo wanaoisoma Al-Inkishafi kama hati ya mashtaka. Kwao, magofu ya Pate ni ushahidi kwamba waliokuwa wakiyakaa hawakuwa na imani ya kweli, na utenzi huwa fimbo ya kumpigia kila anayeswali huku matendo yake yakimsuta.

Usomaji huo, kwa maoni yetu, unaupindua utenzi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, hakusimama nje ya mji wake akawanyooshea wenzake kidole. Anayehojiwa ni moyo wake mwenyewe. Majumba yaliyowaka taa, fahari ya waliotembea kwa maringo, kisha popo na buibui waliorithi kumbi zao, vyote vinaletwa mbele ya moyo huo ili uzinduke. Mtunzi anaeleza walivyoishi na walivyokwisha; mzigo wa kujibu anautwika moyo wake.

Msimamo huu una asili katika mafunzo tuliyolelewa nayo. Usama bin Zaid alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, kwa kudhani kwamba aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume alimkemea, akamuuliza kama aliupasua moyo wa yule mtu hata akajua. Lakini mafunzo hayohayo yanatupa alama za mnafiki: uongo, kuvunja ahadi na kuhini amana. Je, alama hizo ni za nini, kama hatuwezi kumhukumia mtu?

Jawabu limo katika beti za Siku ya Kiyama. Aliyedhulumiwa anasimama mbele ya Mola kudai haki yake, na malipo ni thawabu, si dhahabu. Tuzingatie ni nani anayeshtaki. Si jirani aliyechungulia, wala mtazamaji wa barazani, bali ni yule aliyeumizwa. Wala hana haja ya kuthibitisha kwamba mdhalimu wake hakuamini. Dhuluma yenyewe yatosha. Kwa hiyo anayekula mali ya yatima hasalimiki kwa wingi wa rakaa zake, na sisi tunaomwona tuna wajibu wa kumzuia na kumrudishia yatima chake. Hapo ndipo mpaka wetu. Kitendo tunakihukumu, imani ina Mjuzi wake.

Nguvu ya Al-Inkishafi imo katika kuuchunga mpaka huo bila ya kulegeza ukali. Zile alama tatu, mtunzi angezielekeza kwanza kifuani mwake. Msomaji anayefika ubeti wa mwisho akiwa na jina la jirani yake mdomoni, na arudi ubeti wa kwanza.