UHAKIKI WA ISTILAHI ZA GIABOKSI YA OTOMATIKI

Utangulizi

Miongoni mwa nyanja ambazo Kiswahili kimejitafutia istilahi bila kungoja kamati, ufundi wa magari una nafasi ya pekee. Neno usukani lilitoka chomboni baharini likaingia katika gari bila kuombewa kibali. Breki, klachi, gia, injini na tairi yalikopwa, yakavikwa sauti za Kiswahili, na leo hayamtatizi mtumiaji yeyote. Hata hivyo, utajiri huu ni wa majina zaidi kuliko wa maelezo. Tunayo majina ya vipuri vingi, lakini tunapotaka kueleza kwa maandishi jinsi kipuri kinavyoharibika, lugha yetu hupwaya.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno yanayotumika kueleza hitilafu moja inayofahamika sana kwa wenye magari makuukuu ya juu, kama vile Toyota Land Cruiser Prado ya miaka ya 1990: gari la otomatiki lililokuwa jepesi sasa limekuwa zito kuondoka na zito kupanda mlima. Hoja yetu ni kwamba tatizo si uhaba wa maneno. Tatizo ni kulibebesha neno moja dhana nyingi zinazotofautiana, na kosa hilo hulipiwa na mwenye gari kwa fedha yake.

1. Jina la chombo chenyewe

Tuanze na jina. Neno la Kiingereza linalotaja mfumo wa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ndilo hilohilo linalotumika kwa kuenea kwa magonjwa na kwa kurusha matangazo ya redio. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo: ugonjwa huambukizwa, matangazo hurushwa, nguvu hupelekwa au hupitishwa. Lakini mashine za kutafsiri, ambazo siku hizi hutumiwa na wauzaji wa magari na vipuri, hazitambui mpaka huo. Matokeo yake ni kwamba msomaji hukutana na tangazo la gari lenye "maambukizi ya kiotomatiki", akabaki akijiuliza kama anauziwa gari au anaonywa juu ya homa.

Tafsiri ya namna hii huchekesha, na kwa kuwa huchekesha haina madhara makubwa, maana msomaji hugundua mara moja kwamba pana kosa. Lililo baya zaidi ni kosa lisilochekesha. Mfasiri mwangalifu hufungua kamusi ya lugha ya jumla, akaandika "upitishaji wa otomatiki" au "mfumo wa upelekaji". Maneno haya ni Kiswahili safi, ila hayamwelekezi mtu kwenye chombo chochote anachoweza kukigusa. Fundi wa Gerezani akiyasoma hatajua afungue wapi.

Wapo pia wanaopendekeza "sanduku la gia" ili tuepuke kukopa. Pendekezo hilo haliepuki kitu, kwa kuwa gia nalo ni neno la mkopo. Giaboksi ni neno fupi, limeenea Tanzania na Kenya, na linakubali sarufi yetu bila taabu. Hatuoni sababu ya kuliacha.

2. Uzito usiopimika

Mwenye gari anapofika gereji husema, "Gari limekuwa zito." Kauli hii ni sahihi kwa lugha ya kawaida, lakini kama maelezo ya kitaalamu ina kasoro kubwa. Ndani yake mna angalau hali nne zinazotofautiana.

Hali ya kwanza ni ya gari ambalo, mkono wa gia ukisogezwa kwenye D asubuhi, hukaa kimya kwa sekunde kadhaa kabla ya kuvuta. Hapa hushukiwa oili pungufu au iliyochakaa, chujio lililoziba, au mipira ya ndani ya kuzuia oili iliyokakamaa kwa umri. Hali ya pili ni ya gari ambalo injini yake hunguruma na mshale wa mizunguko hupanda, lakini mwendo hauongezeki kwa kadiri hiyo. Hapa klachi za ndani ya giaboksi hazishikani vizuri. Hali ya tatu ni ya gari ambalo huondoka kwa shida kwa sababu limeanzia gia ya juu, au ambalo halishuki gia linapoanza kupanda mlima kama wa Kitonga. Hapa kosa huweza kuwa kwenye solenoidi, ambayo ni vali inayoongozwa kwa umeme, au kwenye kihisio cha ekseleta kinachopeleka habari isiyo sahihi. Hali ya nne ni ya gari lenye giaboksi nzima kabisa, ambalo injini yake imedhoofika kwa chujio la hewa lililojaa vumbi au chujio la dizeli lililoziba, au ambalo breki zake hazijiachii.

Hali hizi nne zina dawa nne, na gharama zake hazilingani hata kidogo. Chujio la hewa hubadilishwa kwa dakika chache, ilhali giaboksi hushushwa kwa kazi ya siku nzima au zaidi. Fundi aliyeambiwa "zito" tu, naye akaandika "zito" katika karatasi ya kazi, hana kinachomzuia kuanza na dawa iliyo ghali kuliko zote. Mteja naye hana neno la kumpinga. Hapa ndipo istilahi inapokoma kuwa mchezo wa wasomi na kuwa kinga ya mnyonge.

3. Kitenzi na mtenda wake

Vitabu vya matengenezo vya Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa hali ya pili tuliyoitaja, na wafasiri wengi hukifasiri kwa "kuteleza". Neno lenyewe halina kosa. Kosa huja pale mfasiri anapoandika "gari linateleza", kwa kuwa kwa Mswahili gari linaloteleza ni lile lililo kwenye matope, ambalo magurudumu yake hayashiki barabara. Msomaji akifuata maneno hayo ataenda kununua tairi.

Dawa yake ni rahisi: kitenzi kipewe mtenda wake halisi. Kinachoteleza ni klachi. Kinachochelewa kushika ni giaboksi. Kilichodhoofika ni injini. Gari lenyewe, kama kitu kizima, ndilo linalobeba dalili zote, na kwa hiyo ndilo mtenda asiyetueleza lolote. Mafundi wanaujua utaratibu huu, wala hatuwafundishi. Wao husema "gia hazishiki" au "klachi zimekwisha", na kila kauli ina mahali pake katika mashine. Lawama yetu ni kwa maandishi, ambayo yanayachukulia maneno ya gereji kuwa ya mitaani, yakayatupa, kisha yakashindwa kuleta badala yake.

4. Gia, mafuta na haidroliki

Hata hivyo, lugha ya gereji nayo haikosi kasoro. Neno gia hubeba dhana tatu: gurudumu lenye meno, daraja la mwendo (gia ya kwanza, ya pili), na mkono anaoushika dereva. Katika mazungumzo hapana tatizo, kwa kuwa fundi huonyesha kwa kidole. Katika kitabu kidole hakipo. Tunapendekeza dhana ya kwanza iitwe gurudumu-meno na ya tatu mkono wa gia, ili gia pekee libaki kwa daraja la mwendo.

Neno mafuta lina hatari zaidi, maana linataja petroli, dizeli, na pia kilainisho. Mwalimu anayeandika "angalia mafuta ya gari" hajasema kitu. Oili limekwisha kuzoeleka kwa vilainisho, na litumike hivyo.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika neno haidroliki, ambalo katika gereji nyingi hutumika kwa oili ya giaboksi ya otomatiki, na pengine kwa oili ya usukani pia. Zamani uzembe huo ulivumilika. Siku hizi yako magari ya juu, kama vile baadhi ya Nissan X-Trail, ambayo giaboksi yake haina madaraja ya gia ya kawaida, bali hutumia mkanda wa chuma na puli zinazobadilika upana. Giaboksi hiyo ina oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya giaboksi ya kawaida huharibika. Mwenye gari aliyeagizwa "akanunue haidroliki" ametumwa na neno lisilotosha, na pengine kitabu kilichomo garini, kilichokuja nalo kutoka Japani, ni cha Kijapani asichoweza kukisoma.

5. Tafsiri ya vipimo

Uzembe wa istilahi huonekana waziwazi pale mfasiri anapofikia maelezo ya kupima. Tutatoa mifano mitatu.

Kwanza, kupima kimo cha oili. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 oili ya giaboksi hupimwa injini ikiwa imewaka na giaboksi ikiwa imepata joto, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha kwenye P. Oili ya injini hupimwa injini ikiwa imezimwa. Mfasiri akiandika "oili" bila kusema ya wapi, msomaji atapima kinyume. Oili nzima ya giaboksi hizo ni nyekundu. Ikiwa kahawia na kunuka kuungua, imeshatoa ushahidi wake.

Pili, kupima muda wa kushika. Vitabu vya Toyota vya kipindi hicho huagiza kwamba mkono ukitoka N kwenda D, mshtuko mdogo wa kushika usikike kabla ya sekunde 1.2, na ukienda R kabla ya sekunde 1.5. Kipimo hiki hurudiwa mara tatu na kutafutiwa wastani. Mfasiri aliyeita hali hii "uzito" hawezi kuitafsiri namba hiyo, kwa kuwa uzito haupimwi kwa sekunde.

Tatu, kupima mizunguko gari likiwa limezuiwa. Magurudumu hukingwa kwa vizuizi, breki hukanyagwa kwa nguvu, mkono huwekwa D, na ekseleta hukanyagwa mpaka mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5. Mizunguko ikizidi kiwango kilichoandikwa, klachi hushukiwa kuteleza au msukumo wa oili kuwa mdogo. Ikipungua, hushukiwa injini, au sehemu ya ndani ya konveta, yaani chombo kinachoupokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye giaboksi kwa njia ya oili. Hiki ndicho kipimo kinachotenga hali ya pili na ya nne. Lakini ni kipimo cha hatari, na kinataka fundi aliyefunzwa. Mfasiri aliyeruka neno "visizidi" au "vizuizi" anaweza kumsababishia mtu ajali.

6. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, tunaleta istilahi hizi zijadiliwe:

(a) giaboksi ya otomatiki: chombo kinachobadili gia chenyewe bila dereva kukanyaga klachi.
(b) kuchelewa kushika: kupita kwa muda mrefu kuliko kiwango, kati ya kusogeza mkono wa gia na giaboksi kuanza kuvuta.
(c) kuteleza kwa klachi: klachi za giaboksi kuzunguka bila kushikana, hata mizunguko ya injini ikapanda bila mwendo kupanda.
(d) kugoma kwa gia: giaboksi kukataa kupanda au kushuka gia inapopaswa.
(e) udhaifu wa injini: injini kutotoa nguvu yake kamili, giaboksi ikiwa nzima.
(f) oili ya giaboksi: jina la jumla, ambalo lazima lifuatiwe na aina iliyoandikwa na mtengenezaji.

Neno zito tusilifute. Libaki kuwa neno la mteja, na istilahi (b) hadi (e) ziwe majibu ya fundi baada ya kupima. Walimu wa vyuo vya ufundi, pamoja na vile vya VETA, wanaweza kuanza kwa kuzitumia katika karatasi ya kazi, ambayo mteja huisoma na kutia sahihi. Maofisa wa serikali wanaoidhinisha matengenezo ya magari ya umma nao wana haki ya kuuliza, kabla ya kuidhinisha giaboksi mpya, ni istilahi ipi kati ya hizo iliyoandikwa na ni kipimo kipi kilichoithibitisha.

Tunawaomba wasomaji, hasa waalimu wa ufundi wa bara na wa pwani, watuletee maneno wanayoyatumia wao kwa dhana hizi. Penye neno la gereji lililo sahihi zaidi kuliko letu, letu litaondoka.