Mkono Uliotangulia Jicho

Somo la wazi la kuwafundisha watoto kutafuta vitabu maktabani, lililofanywa katika shule moja ya msingi upande wa Newala, lilikwenda vizuri tangu salamu hata kukaribia tamati, kisha likaharibiwa na uamuzi mmoja wa mkutubi. Na maadamu walimu wenzangu wa Newala na wa Masasi mliohudhuria mlilipigia makofi jambo lile lile ambalo mimi naliona kuwa taksiri dhahiri, sina budi kulieleza kwa urefu.

Yaliyotangulia yalikuwa mema: lebo zilisomeka, rafu hazikuwa na kufuli, na mchezo wa kuwapanga watoto kumi kwa madaraja ya Dewey, kuanzia 000 hata 900, uliongozwa kwa ustadi.

Ndipo akaitwa binti wa darasa la tano, akapewa kikaratasi chenye 634.5, nambari ya kitabu cha korosho, naye akaenda moja kwa moja, pasi na kuuliza, akaipita 610 ya utabibu, akaipita 620 ya uhandisi, akafika kwenye kilimo, akaweka kidole juu ya mgongo wa kitabu cha maembe, 634.44, akasimama. Mliokaa mbele mliona uso wake. Alikitazama kikaratasi, akaitazama lebo, kisha akarudi kushoto hata akafika kwenye mahindi, 633.15, kwa kuwa akilini mwake tano ni ndogo kuliko arobaini na nne, na kilicho kidogo hutangulia. Hapo ndipo penye fundo la somo zima. Yote ya kabla yake yalikuwa kubisha hodi tu. Binti akarudi tena kwenye maembe, midomo ikichezacheza kama ya mtu ahesabuye, akapiga hatua moja kuelekea kulia, na laiti angaliachwa kwa muda wa kuvuta pumzi tatu angaliweza kukiona mwenyewe. Mkutubi akapitisha mkono juu ya bega lake, akakichomoa kitabu, akamkabidhi, akasema, "Hiki hapa, mwanangu." Makofi yakalia.

Baada ya somo nilimwita yule binti, nikamwuliza, kesho akikitaka tena kitabu kile atakipataje. Akanijibu kwa adabu, "Nitamwomba mwalimu, babu."

Najua utetezi utakaoletwa, kwa kuwa nimeusikia miaka mingi. Ranganathan wa Uhindi, katika kanuni zake tano za mwaka 1931, aliagiza kwamba muda wa msomaji uokolewe, na mkutubi atasema aliuokoa. Lakini msomaji wa kanuni ile ni mtu aliyekuja kutafuta kitabu, ilhali binti huyu aliletwa ajifunze kutafuta. Kitabu cha korosho, katika nchi hii ambayo kila mzazi ana mikorosho, kilikuwa kisingizio tu cha safari. Zamani, kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, wakati akina mama wa uwandani walipokuwa wakiteremka genge kufuata maji mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, mtoto wa kike alitembezwa njia hata akaijua kwa miguu yake, kwa sababu ipo siku angekwenda peke yake.

Nilimkumbuka mwalimu aliyetulea sisi Masasi, chini ya mlima wa Mtandi, siku za Askofu Trevor Huddleston, wakati maktaba yetu ilipokuwa kabati moja la rafu tatu. Mtoto alipokwama, yule mzee alifumba mikono nyuma ya mgongo wake, akatulia. Aliyetoa kitabu alipewa kibao chembamba akichomeke penye pengo, ili akitaka kukirudisha apajue mahali pake, na aliyekosea aliambiwa neno moja tu, "Endelea." Katika wakutubi wa leo sijamwona wa kumfikia, na nasema hivyo nikijua kwamba wanacho cheti ambacho yeye hakuwa nacho.

Fauka ya hayo, yapo mawili niliyokwisha kuyalalamikia, nami sitachoka. La kwanza ni kanda za rangi zinazobandikwa siku hizi badala ya nambari, nyekundu kwa hadithi, kijani kwa kilimo; mtoto aliyezizoea, akifika Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, atakuwa mgeni kana kwamba hakupata kuingia maktabani. La pili ni majina. Shaaban Robert huwekwa chini ya herufi R, na Robert lilikuwa jina la baba yake. Mtoto wa huku, ambaye hata yeye jina lake la pili ni la baba, humtafuta kwenye S, asimwone, akadhani hakuna kitabu. Kadi moja tu kwenye S ingetosha kumwelekeza, na siku ile sikuiona.

Tena kosa lile la binti la kuisoma nukta lina dawa nyepesi, na ndiyo sababu linaniuma. Mfumo wa Dewey ulitoka mwaka 1876, mwaka ule ule ambao Askofu Steere aliwaleta watumwa waliokombolewa wakafanya maskani Masasi, na ndani yake tarakimu zifuatazo nukta husomwa moja moja, nafasi ya kila moja ikiwa na thamani ya sehemu ya kumi ya nafasi iliyoitangulia. Yule mzee wetu hakusema maneno hayo. Alichukua rula ya ubaoni, ile ya mita moja, akailaza juu ya rafu, akatuambia tuhesabu sentimita: .44 ya maembe ikaangukia 44, .5 ya korosho ikaangukia 50, .772 ya ndizi ikaangukia mbele kidogo ya 77. Mtoto akapitisha kidole, maembe, korosho, ndizi, na hakukosea tena. Rula kama ile ilikuwapo siku ya somo, imeegemezwa nyuma ya mlango, hatua nne kutoka pale aliposimama binti.