Mwalimu Juu ya Kichuguu

Baada ya sensa ya mwaka 2022 Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Lilikuwa jambo jema. Chombo kilichokwisha kununuliwa hakina haja ya kulala kabatini. Kwa chombo hicho mwalimu anaweza kufungua masomo yaliyowekwa mtandaoni na Taasisi ya Elimu Tanzania, katika mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA. Mpango unamtaka asome peke yake, kisha akutane na wenzake wa shuleni katika jumuiya ya ujifunzaji, wazungumzie waliyoyasoma na yanayowashinda darasani.

Ugomvi wangu ni juu ya vipimo. Usomaji wa peke yake hujihesabu wenyewe: jaribio limejibiwa, alama zimeonekana. Mazungumzo ya walimu hayana shahidi ila daftari la mahudhurio. Na anayedaiwa taarifa, ni nani asiyejua atapeleka kipi?

Katika shule moja kati ya Korogwe na Handeni nilimkuta mwalimu amesimama juu ya kichuguu nyuma ya jiko, kishikwambi mkononi, akitafuta mtandao kwa bando alilonunua mwenyewe. Somo lake siku hiyo lilikuwa mbinu za kufundisha kusoma. Alijibu maswali kumi, akapata tisa, akashuka. Nikamwuliza kesho atabadili nini darasani.

"Mzee wangu," akacheka, "kesho nina madarasa mawili. Mwenzangu yuko likizo ya uzazi."

Sikumlaumu. Somo lile halikumjua mtoto wake wa darasa la kwanza, aliyetoka nyumbani anakozungumza Kizigua, anayeliimba neno la kitabuni pasipo kulitambua. Mwalimu wa chumba cha pili anamjua.

Hapo ndipo ninapowakumbuka walimu wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waingie shule ifikapo 1977, na walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi. Waliitwa majina ya dharau, na wengine, tuseme kweli, elimu yao ilikuwa haba. Wala sitamani turudi huko. Redio haijibu swali. Lakini kijana yule alilosoma asubuhi aliweza kulijaribu mchana mbele ya watoto, na mkufunzi akaja kumtazama akifundisha.

Kutazamwa huko ndiko ninakokutaka, na hakuhitaji mtandao. Mwalimu mmoja afundishe dakika ishirini, wenzake wakae nyuma. Au kishikwambi kiwekwe dirishani kichukue picha za somo, jioni wakae pamoja wazitazame, wabishane. Bando halitumiki hata kidogo.

Niliuliza pale shuleni kama kamera ile imewahi kuingia darasani. Waliniambia wameitumia mara moja, siku ya mahafali.