Wa Juu, Mwandamizi au wa Kati? Uhakiki wa Tafsiri ya Vyeo vya Huduma ya Dharura

Miongoni mwa kazi zilizofika mezani petu kuhakikiwa ni tafsiri ya masharti ya mafunzo ya watoaji wa huduma ya dharura, yaani wale wanaomshughulikia mgonjwa mahali alipopatwa na ajali au maradhi, na kumwangalia njiani hadi hospitali. Matini ya asili yatoka Marekani. Mfasiri wake, ambaye hatutamtaja, ana Kiswahili safi: sentensi zake hazitatizi, upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, wala hakukopa maneno ovyo. Hata hivyo tulilazimika kuirudisha kazi hiyo. Tumeona yafaa tueleze sababu hapa, kwa kuwa makosa yaliyomo yaweza kutendwa na yeyote kati yetu.

Kwanza tuvieleze vyeo vyenyewe. Huko Marekani ngazi ni nne. Wa ngazi ya kwanza ni yule awahiye kufika, akazuia damu, akasaidia pumzi, na kungoja wenziwe. Wa ngazi ya pili husafiri na mgonjwa garini akiwa na oksijeni na vifaa vya msingi. Wa ngazi ya tatu, ambaye ndiye shabaha ya matini hii, sharti awe amekwisha kupata sifa za ngazi ya pili, kisha akaongezewa mafunzo: huingiza sindano katika mshipa na kutundika dripu, hutoa dawa chache zilizotajwa, na huweka mrija wa hewa unaoishia kooni, nje ya mlango wa njia ya pumzi. Wa ngazi ya nne ni paramediki. Mafunzo yake ni marefu kuliko ya hao wote, dawa zake ni nyingi zaidi, na yeye hufundishwa kuupitisha mrija ndani ya njia ya pumzi yenyewe.

Mfasiri amemwita mtu wa ngazi ya tatu "fundi sanifu wa juu wa dharura", na katika kurasa nyingine "fundi sanifu mwandamizi". Ukiacha kosa la kukipa cheo kimoja majina mawili, kila neno kati ya hayo lina kasoro yake.

Neno "juu" katika vyeo huashiria kilele. Twasema elimu ya msingi, elimu ya sekondari, kisha elimu ya juu, na baada ya hiyo hapana nyingine. Basi msomaji akikutana na fundi "wa juu" atadhani amefika mwisho wa ngazi, hali juu yake yupo paramediki. Kiingereza nacho kilichangia kosa hili, maana sifa iliyotumiwa huko yaonyesha kusonga mbele, si kufika kileleni. Tena kabla ya mwongozo wa Marekani wa mwaka 2007, ngazi iliyokuwa mahali hapo iliitwa kwa jina lenye maana ya "kati".

"Mwandamizi" ni neno la utumishi. Afisa huwa mwandamizi kwa kutumikia, kupimwa na kupandishwa cheo. Mtu wa ngazi ya tatu hakupandishwa kwa miaka yake kazini. Alirudi darasani akajifunza kutenda asiyoyajua. Mtumishi wa serikali akilisoma neno hili atahesabu miaka, ilhali masharti yanahesabu stadi. Wenye kupendekeza "daraja la tatu" nao tunawatahadharisha: katika utumishi wetu daraja la kwanza liko juu ya la pili, na kwa hesabu hiyo ngazi zote nne zitasomwa kichwa chini miguu juu.

Ama "fundi sanifu", hatumdharau fundi. Lakini jina hilo limezoeleka katika ujenzi, maji na umeme, na kazi ya fundi hukiangukia kitu. Huyu kazi yake inamwangukia mtu.

Huenda msomaji akauliza, ngazi za Marekani zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu huduma hii inajengwa nchini, na anayejenga huazima vielelezo vya waliotangulia. Idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2010. Mwaka 2022 ulizinduliwa kitaifa mfumo wa m-mama, ambao kwa namba 115, bila malipo, hutafuta usafiri wa kumpeleka mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga kwenye kituo chenye uwezo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyeingia mkataba.

Basi tumfikirie muuguzi aliye Kiberege, kando ya barabara itokayo Kidatu na Mang'ula kwenda Ifakara. Mama amejifungua na damu haikomi. Gari limekuja la kumpeleka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na ndani yake mna mtu mmoja mwenye sare. Muuguzi ana swali moja: je, mtu huyu aweza kuachiwa dripu na mgonjwa, au sharti yeye mwenyewe apande, akiacha wodi yake? Jina la cheo ndilo litakalomjibu, kwa kuwa nafasi ya kusoma masharti hana. Likimwambia "wa juu", atamwachia zaidi ya alichofundishwa. Likimwambia "fundi", huenda akamdhania dereva.

Bonde la Kilombero linaujua uzito wa majina haya. Kituo cha mafunzo kilichoanzishwa Ifakara mwaka 1961 kwa juhudi za Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, kilikuwa cha kuwaandaa wahudumu wa afya wa vijijini. Tangu hapo nchi imeona majina ya kada yakibadilika, mganga msaidizi akawa tabibu, na wananchi wakaendelea kuwaita wote "daktari". Mwananchi hana kosa. Lakini waraka wa mafunzo haumruhusu mfasiri kuwa na ulegevu huo.

Kosa la pili halimo katika vyeo, bali katika vitenzi. Mfasiri ameandika kila mahali kwamba mhitimu "anaweza" kutoa dawa fulani. Kwa Kiswahili "anaweza" ni ana uwezo, na pia ni ana ruhusa. Masharti yanakusudia ruhusa, basi yaandikwe "anaruhusiwa". Hali kadhalika "cheti" na "leseni" zimebadilishana nafasi. Cheti chasema mtu amefuzu. Leseni yasema ana haki ya kufanya kazi. Wauguzi wetu walijua hilo mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. La hatari kuliko yote, mirija ile miwili tuliyoitaja imetafsiriwa kwa maneno yale yale, "kuweka mrija wa hewa". Mwalimu akiyafuata atamfundisha mtu wa ngazi ya tatu tendo lililowekewa paramediki.

Kwa hiyo tunapendekeza: "mhudumu wa kwanza", "mhudumu wa dharura", "mhudumu wa dharura wa kati", na "paramediki". Tumeepa "mwokoaji", kwa kuwa uokoaji umekwisha kuwa kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Na "tabibu" ni kada nyingine kamili, yenye mafunzo yake. Tunakiri kwamba "wa kati" halimpambi mwenye cheo, na wapo watakaoona limewashusha. Tena halisemi ni stadi zipi alizoongezewa. Hizo hapana budi ziorodheshwe katika fasili. Lakini halidanganyi. Linasema pana wa chini yake na wa juu yake, na hilo ndilo muuguzi wa Kiberege alilohitaji kulijua.

Istilahi hizi bado ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wa vyuo vya afya, wafasiri na watumishi walio wilayani wazijaribu kazini, na watuletee maoni kabla hazijasanifiwa.