Soko Huanza na Namba Ulizo Nazo

Machi 2020 Kenya ilisitisha safari za ndege za abiria kutoka nje. Tarehe 8 Aprili ikafuata amri ya kuzuia watu kuingia na kutoka kaunti ya Kilifi, pamoja na Mombasa na Kwale. Malindi, mji uliomo kaunti ya Kilifi, ni mji wa wageni. Fedha ya hoteli na ya Mtaliano wa ufukweni hupita kwa mpishi, kwa dobi na kwa dereva wa tuktuk, mpaka ikafika kwenye kibanda cha chai mtaani. Iliposimama kule ufukweni, huku mtaani Kisumu Ndogo nako kukakauka.

Kizuizi cha Kilifi kiliondolewa mapema Juni mwaka huohuo, ila kilikuwa kimeshatoa funzo. Muuzaji mwenye namba za wateja wake aliweza kuwafikia hata wasipopita mbele ya kibanda. Asiye nazo alibaki kumngoja mpita njia. Njia ya malipo ilikuwapo tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na kuanzia katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule Safaricom iliondoa ada ya kutumiana fedha zisizozidi shilingi 1,000. Mahamri ya shilingi 100 yakawa yanalipika kwa simu bila mteja kukatwa hata senti.

Nalirudia tukio hilo kwa sababu linaonyesha mahali pa kuanzia. Wengi wanaoingia leo kwenye uuzaji wa mitandaoni huanza kwa kufungua kurasa za Facebook, Instagram na TikTok kwa siku moja, kisha huhangaika kutafuta wafuasi. Baada ya mwezi bando limeisha, laiki ni za marafiki, na mauzo ni yaleyale. Kwa biashara ndogo ya mtaani, hatua ya kwanza ni kitabu cha namba kilichomo ndani ya simu yako. Mengine yote hujengwa juu yake.

Kwa nini WhatsApp kwanza

WhatsApp Business ilitoka Januari 2018 na haina malipo. Unaweza kuiweka kwenye simu moja na WhatsApp yako ya kawaida, mradi kila moja iwe na laini yake. Ndani yake mna wasifu wa biashara wenye saa za kazi na mahali ulipo, katalogi ya bidhaa na bei, majibu ya haraka yaliyoandikwa tayari, na lebo za kuwapanga wateja: mpya, ameagiza, amelipa, anadaiwa.

Nguvu yake mtaani ni stetasi, na hapa pana jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Kwa mpangilio wa kawaida, stetasi yako huonwa na mtu uliyehifadhi namba yake, na ambaye naye amehifadhi yako. Orodha ya matangazo ni hivyohivyo: hubeba watu 256, lakini ujumbe humfikia tu aliyekuhifadhi. Mteja aliyenunua kwako mara kumi bila kuhifadhi namba yako hataona tangazo lako hata moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika ana kwa ana. Andika namba kwa rangi kwenye mbao ya kibanda na kwenye mfuko wa kufungia. Mteja akilipa, mwombe: "Nihifadhi kwenye simu yako, kesho uone kilichopikwa." Mwandike naye papo hapo, jina na mtaa wake: Barani, Maweni, Muyeye. Namba mia moja za watu wanaoishi mwendo wa tuktuk kutoka kwako zina faida kuliko wafuasi elfu tano waliotawanyika nchi nzima, kwa sababu wale mia wanaweza kununua leo.

Tangazo moja, neno kwa neno

Tuchukue mpika mahamri. Tangazo linaloonekana sana ni picha ya giza iliyopigwa usiku chini ya taa, na maneno: "Mahamri yapo, karibuni. Bei inboksi." Mteja haoni chakula, hajui bei, hajui yako wapi, na anatakiwa afanye kazi ya kuuliza. Wengi hawaulizi. Anayeficha bei hudhani anamvuta mteja azungumze, kumbe anamfanya ashuku kwamba bei hupangwa kwa kumwangalia mtu usoni.

Sasa tulipange upya. Picha ipigwe mchana karibu na mlango, mwanga ukitoka ubavuni. Hamri moja lipasuliwe ili uwazi wa ndani uonekane, maana mlaji wa Pwani hulijua hamri lililoumuka vizuri kwa uwazi huo. Pembeni pawe na bakuli la mbaazi za nazi. Sinia liwe safi, na nyuma yake pasiwe na vyombo vichafu. Kisha maneno:

"Mahamri ya iliki, ya moto saa 12 asubuhi. Kumi shilingi 100. Mbaazi bakuli shilingi 50. Kisumu Ndogo. Agiza leo kabla ya saa 3 usiku. Boda hadi Barani ni shilingi 50. Malipo kwa Pochi la Biashara (M-Pesa) au mkononi."

Kila sentensi inajibu swali ambalo mteja angeuliza: ni nini, lini, bei gani, wapi, nitalipaje, nitaletewaje. Lile la "kabla ya saa 3 usiku" linamfaa mpishi mwenyewe: anajua idadi kabla ya kukanda unga, hivyo hapiki kwa kubahatisha wala halali na mahamri yasiyouzwa. Tangazo liweke saa 2 usiku, wakati nyumba zinapanga staftahi ya kesho, na liweke tena alfajiri kwa wasioagiza. Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo la jana halimchanganyi mtu.

Jibu nalo ni sehemu ya uuzaji. Mteja akiandika, "Asalaam aleikum dada, mahamri ya kesho yapo?" jibu zuri ni fupi na lina adabu: "Waleikum salaam. Yapo, mamangu. Wataka mangapi nikuwekee?" Swali lile la mwisho ndilo linalogeuza mazungumzo kuwa oda. "Yapo" peke yake humwachia mteja kazi ya kuendelea, na huenda simu ikaingia akasahau.

Umbali wa bidhaa huchagua jukwaa

Baada ya WhatsApp kushika, ndipo uulize wapi pengine pa kwenda. Jiulize kwanza bidhaa yako inaweza kusafiri umbali gani bila kuharibika.

Chakula cha moto hakitoki Malindi, kwa hiyo kibaki kwenye WhatsApp na makundi ya Facebook ya wakazi wa mji. TikTok huionyesha video kwa watu wasiokujua kabisa, ikiangalia zaidi kama wanaitazama hadi mwisho kuliko wanapoishi. Video ya mahamri inaweza kupendwa Kakamega na Dodoma, wala isiuze hata hamri moja.

Mabuyu, achari ya maembe, korosho na leso ni habari nyingine. Hivi hufungwa, hupakiwa kwenye basi la Mombasa au Nairobi, na hufika salama. Mwenye bidhaa hizi anapaswa kuwa TikTok, na Kenya ni mahali pazuri pa kufanya hivyo: ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliitaja kuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa matumizi ya jukwaa hilo. Onyesha mabuyu yanavyochanganywa na sukari na rangi sufuriani. Mkono unaokoroga hushikilia jicho kuliko pakiti iliyopangwa rafuni.

Mpaka hina na mpambaji wa maharusi anahitaji Instagram, kwa sababu mteja wake huchagua kwa kulinganisha kazi nyingi kwa mpigo. Mwenye vyumba vya kupangisha, au anayetembeza wageni, aanze na Ramani za Google. Mgeni aliye njiani hutafuta kwa mahali, na maoni ya waliotangulia ndiyo humwamulia.

Fedha na heshima

Mauzo ya simu yana wezi wake. Picha ya ujumbe wa M-Pesa iliyotumwa na mnunuzi haithibitishi malipo, maana hutengenezwa kwa dakika moja. Subiri ujumbe kwenye simu yako mwenyewe, na ukitilia shaka angalia salio kabla boda hajaondoka. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, wala usimpe mtu yeyote tarakimu sita zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Akizipata anaweza kuichukua akaunti, na wateja uliowakusanya kwa mwaka mzima wataanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Halafu kuna picha za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata biashara ndogo inapaswa kuijua. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Faini hiyo ingezika biashara nyingi za mtaani. Na kwetu Pwani jambo lenyewe ni zito kuliko sheria: bi harusi anapopambwa huwa katika sitara ya wanawake wenzake. Omba ruhusa kwa maandishi kwenye WhatsApp, uihifadhi, na pale penye shaka onyesha mikono tu.

Pima kwa daftari

Kipimo cha kazi hii ni fedha iliyoingia. Chukua daftari la kawaida, chora safu tatu: walioona stetasi, waliouliza, walionunua. WhatsApp yenyewe hukuonyesha walioona. Tuseme wameona 40, wakauliza 6, wakanunua 4: majibu yako ni mazuri, lakini picha au bei haivuti. Wakiuliza 20 wakanunua 4, tangazo linavuta, na tatizo liko kwenye majibu yanayochelewa au gharama ya boda. Kila tatizo lina dawa yake, na bila daftari utabadilisha kisichoumwa.

Kwa kila mteja mpya uliza pia, "Namba yangu umeipata kwa nani?" Majibu yatakuonyesha ni jirani yupi anakuletea watu, naye anastahili mahamri mawili ya shukrani. Tangazo la kulipia la Facebook lije baada ya hapo, likilenga Malindi peke yake, pale unapojua ni picha ipi inauza na una uwezo wa kumjibu kila anayeuliza siku hiyohiyo. Kulipia mapema ni kununua maswali usiyoweza kuyajibu, na mteja aliyepuuzwa mara moja harudi kwa urahisi.