Shingo Kwanza, Usukani Baadaye

Mzee akikwaruza gari anaporudi nyuma, watu husema macho yameisha. Huenda macho ni mazima, shingo ndiyo iliyogoma. Kaa kitini, tuliza mabega, kisha peleka kidevu kwenye bega la kulia. Kijana atalikaribia. Mwenye miaka 75 anaweza kukwama nusu njia, na kipande kilichobaki ndicho kile ambacho sait mira haikionyeshi. Pikipiki hupenda kukaa humo humo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na daktari Richard Marottoli, walianzia hapo. Katika matokeo yaliyochapishwa 2007, madereva 178 wa Connecticut, wa miaka 70 na kuendelea, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitembelewa nyumbani kila wiki, kwa wiki 12, na mtaalamu wa fiziotherapia. Shabaha haikuwa misuli minene wala pumzi ya mkimbiaji. Walinyoosha shingo, kiwiliwili na viungo, wakazoeza mikono na miguu kwenda kwa wepesi na kwa mpangilio. Kundi la pili lilipewa masomo tu, ya usalama nyumbani na utunzaji wa gari.

Kilichonivutia ni kipimo. Wangeweza kupima shingo imegeuka nyuzi ngapi, wakafunga daftari. Wao waliwapeleka barabarani, na mkaguzi asiyejua nani kafanya mazoezi akakaa pembeni na breki yake, kama kwenye gari la shule ya udereva.

Baada ya miezi 3, kwenye mizani ya alama 72, mabadiliko ya makundi hayo yalipishana kwa alama 2.43. Ni kidogo, lakini tazama zilikotoka: waliofanya mazoezi walibaki pale pale, wenzao wakashuka. Kwa hiyo mazoezi hayakumfundisha mzee udereva mpya. Yalimzuilia ule alionao usimponyoke. Makosa makubwa nayo yalikuwa machache kwa asilimia 37 kwa waliofanya mazoezi kuliko kwa wenzao, ila kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu, na mimi nisingeibandika kwenye bango.

Ajali zenyewe hazikuwa kipimo cha jaribio hili. Kupata alama nzuri mkaguzi akiwa kando yako ni jambo moja. Kukata kona ya kulia peke yako saa kumi na mbili jioni, daladala zikikujia kwa mbele, ni jingine.