Fundi Anayeuliza Kwanza

Msimu wa mvua ukikolea Sotik, trekta zenye mikono ya mbele, yaani loda, hazipumziki. Hizi zinabeba magogo ya mikaratusi ya kuwasha boila za viwanda vya chai, zile zinazoa samadi kwenye maboma ya ng'ombe wa maziwa, nyingine zinamwaga muramu pale barabara ilipoliwa na maji. Majani ya chai yakishachumwa hayangoji mtu. Yakishindiliwa kwenye magunia hupata joto na kuanza kuharibika. Lori likikwama matopeni siku ambayo loda imelala, hasara inafika kwenye nyumba nyingi. Ndiyo maana namhesabu fundi wa haidroli, anayetengeneza mikono hiyo inayoinuliwa kwa mafuta yenye presha, miongoni mwa watu muhimu zaidi katika nchi hii ya chai, ingawa ni nadra kusikia akisifiwa.

Kazi yake ni ngumu kwa sababu ugonjwa haukai unapoonekana. Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba kioevu kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huo hufika kila upande. Kwa hiyo mkono ukilegea, kosa linaweza kuwa kwenye silinda, au kwenye vavu, au chini kabisa kwenye filta ambayo hakuna aliyeikumbuka.

"Fundi, pampu imekufa," dereva atamwambia. Fundi wa kubahatisha anachukua spana. Fundi hasa anauliza: Ilianza lini? Asubuhi inainua vizuri? Inakwenda polepole, au inashindwa na mzigo? Hapo ndipo ulipo utaalamu wote. Mwendo hutokana na wingi wa mafuta yanayosukumwa, nguvu hutokana na presha. Mikono inayopanda polepole hata bila mzigo humfanya ashuku filta iliyoziba au pampu iliyochoka. Ikipanda haraka mitupu lakini ikagoma na gogo, anaifikiria vavu ya usalama iliyoshikwa na uchafu. Mashine yenye nguvu asubuhi na uvivu mchana mara nyingi ina pampu iliyolika, kwa kuwa mafuta yakipata moto huwa mepesi na kupenya ndani kwa ndani.

Kisha anashusha ndoo chini, anazima injini na kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta. Anayasugua mafuta kati ya vidole, anayanusa. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, jambo la kawaida kwa mashine inayolala nje kwenye mvua za huku. Yakiwa na povu, na pampu ikawa inalia, anakagua bomba la kufyonza, maana huko hewa huingia bila hata tone kudondoka nje. Hadi hapo hajafungua nati hata moja.

Silinda ikishukiwa, huisukuma hadi mwisho wa mwendo wake, anaondoa presha na kufungua hosi ya upande wa pili. Dereva anasukuma leva taratibu, kila mtu akiwa kando. Mafuta yakitiririka mfululizo kwenye tundu lililo wazi, seali ya pistoni imekwisha. Tundu likibaki kavu, silinda ni nzima, na mwenye trekta ameepuka gharama ya bure.

Kitu kimoja hafanyi kamwe: hapapasi hosi kwa mkono kutafuta inapovuja. Presha ya loda nyingi hupita pauni 2,000 kwa inchi ya mraba, ilhali tairi la gari dogo linatosheka na 30 hivi. Mafuta yanayochomoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Yeye hupitisha kipande cha katoni. Wala haingii chini ya mikono iliyoinuliwa bila kuiwekea nguzo.

Wewe mwenye trekta, siku fundi atakapogundua kwamba shida ilikuwa koplingi ya hosi tu ambayo haikuingia sawasawa, usimwambie hakufanya kitu. Mlipe kwa saa aliyotumia kufikiri, kisha mnunulie vijana wake geji ya presha. Wengi wanajifunza kazi hii bila kuwahi kushika geji.